Pablo Casals: Gwiji wa selo aliyenyamaza ili kumpinga dikteta

USIKU wa Novemba 13, 1961, mzee mfupi mwenye kipara na miwani aliketi katika ukumbi wa Ikulu ya Marekani jijini Washington, akaiweka selo yake katikati ya magoti, akafumba macho na kuanza kupiga. Mbele yake walikuwa Rais John F. Kennedy, mkewe Jacqueline na wageni wao, wakiwemo watunzi na viongozi wa okestra waliokuwa na majina makubwa kabisa nchini humo.

Pablo Casals alikuwa amebakisha wiki sita pekee kutimiza umri wa miaka 85. Kwa muda mrefu alikuwa amekataa katakata mialiko ya kutumbuiza Marekani, ingawa waandalizi wa matamasha walikuwa radhi kumlipa vizuri. Hakuwa na ugomvi na Wamarekani wenyewe. Alichokataa ni kuitumbuiza nchi iliyoitambua serikali ya Jenerali Francisco Franco, aliyeitawala Uhispania kwa mabavu tangu mwaka wa 1939.

Je, mzee huyo alikuwa amelegeza msimamo? Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kufahamu alikotoka, na jinsi mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutoa sauti alivyofikia uamuzi wa kunyamaza.

Alizaliwa Desemba 29, 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, Catalonia, eneo la kaskazini mashariki mwa Uhispania ambalo wakazi wake wana lugha yao, Kikatalani, na historia wanayojivunia mno. Wasomaji wengi wa kurasa za michezo wanaijua Catalonia kupitia jiji lake kuu, Barcelona, na klabu yake ya kandanda. Katika lugha ya kwao Casals aliitwa Pau, neno ambalo pia lina maana ya amani. Hata hivyo, ulimwengu ulimzoea kwa jina la Kihispania, Pablo.

Babake, Carles, alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya katika kanisa la mji huo. Mamake, Pilar Defilló, alizaliwa Mayagüez katika kisiwa cha Puerto Rico na wazazi wenye asili ya Catalonia. Walijaliwa watoto 11, lakini wengi wao wakafariki wakiwa wachanga. Pablo alijifunza nyimbo za kanisa, piano, fidla na kinanda kwa baba huyo, ambaye hakuwa na mali lakini alikuwa na subira.

Selo yake ya kwanza haikuwa selo. Wanamuziki wa mitaani walipita El Vendrell wakiwa na ala walizojitengenezea wenyewe, na mtoto akaduwaa kumwona mmoja wao akipiga uzi uliofungwa kwenye mpini wa ufagio. Babake alimsikiliza akisimulia, kisha akamtengenezea ala yake: kipande cha mti, uzi mmoja, na kibuyu kikavu cha kuikuza sauti. Msomaji aliyewahi kuliona zeze anaweza kukisia jinsi ala hiyo ilivyokuwa. Casals aliitunza maisha yake yote.

Selo halisi aliiona akiwa na umri wa miaka 11, wakati wanamuziki watatu kutoka Barcelona walipozuru mji huo. Selo ni ala ya nyuzi nne ya jamii ya fidla, lakini kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuiegemeza kifuani, huku akizisugua nyuzi kwa upinde. Sauti yake ni nzito na inakaribia mno ile ya binadamu. Mvulana huyo alimwambia babake kwamba hiyo ndiyo ala anayoitaka.

Baba alitaka mwanawe afunzwe useremala. Mama alikataa, na mnamo 1888 akamchukua na kumpeleka Barcelona katika shule ya muziki ya manispaa, akawa mwanafunzi wa Josep García, mmoja wa wale wanamuziki watatu.

Mwanafunzi huyo hakukawia kuwa msumbufu. Enzi hizo wapigaji selo walifundishwa wakiwa wamebana kitabu kwapani, ili kiwiko cha mkono unaoshika upinde kisisogee mbali na mwili. Casals aliona kwamba mkono uliofungwa hivyo hauwezi kuimba. Akaachilia kitabu, akauacha mkono uwe huru, na akabadilisha jinsi vidole vya mkono wa kushoto vinavyotembea juu ya nyuzi. Kile walimu wake walichokiona kuwa utundu ndicho kinachofundishwa leo karibu kila mahali selo inapofundishwa.

Ili kujikimu, alipiga muziki jioni katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Gràcia. Ni huko ambako mtunzi mashuhuri Isaac Albéniz alimsikia na kumwandikia mamake barua ya kumtambulisha kwa Conde de Morphy, katibu wa Malkia María Cristina mjini Madrid.

Mnamo 1890, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia pamoja na babake katika duka la karatasi za muziki zilizotumika, karibu na bandari ya Barcelona. Katika rundo la karatasi zilizokunjamana alikumbana na kazi sita za selo pekee zilizotungwa na Mjerumani Johann Sebastian Bach mnamo miaka ya 1720 hivi. Kila moja ina utangulizi na vipande kadhaa vyenye midundo ya dansi za kale za Ulaya.

Wapigaji wa wakati huo walizijua kazi hizo kama mazoezi ya vidole tu. Iwapo kipande kimoja kilichezwa mbele ya watu, kilichezwa peke yake, na mara nyingi kwa kusindikizwa na piano, kana kwamba selo haiwezi kujisimamia. Casals alizibeba hadi nyumbani na kuzifanyia mazoezi kila siku kwa takriban miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga mmoja wa misururu hiyo mzima mbele ya hadhira. Ni vigumu kufikiria mwanamuziki wa kizazi hiki akisubiri muda huo wote.

Aliingia kasri la Madrid akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Malkia alimpa ruzuku ya peseta 250 kwa mwezi, na Morphy akachukua jukumu la kumsomesha, si muziki tu bali pia historia, sanaa na hata siasa, kwa kumtuma akasikilize mijadala bungeni. Mfalme Alfonso XIII alikuwa bado mtoto mdogo, na Casals alicheza naye sakafuni. Kijana huyo alilelewa na ufalme lakini moyoni alikuwa na jamhuri, na hakuwahi kuona kwamba kuwashukuru wafadhili wake kulimlazimu kukubaliana nao.

Mnamo 1895 alitumwa Brussels. Profesa wa selo aliyempokea huko alimdhihaki mbele ya darasa, kisha akamtaka apige. Alipomaliza, profesa yule alimvuta kando na kumwahidi tuzo ya kwanza. Casals aliikataa kwa sababu ya dharau aliyotendewa, akapanda treni kwenda Paris siku iliyofuata. Madrid ikakasirika na kuikata ruzuku.

Maisha ya Paris yalikuwa ya dhiki. Casals alipiga selo katika ukumbi wa burudani kwa malipo duni, naye mamake akawa anashona nguo usiku kucha. Siku moja mama huyo alirejea nyumbani nywele zake ndefu nyeusi zikiwa zimekatwa, alikuwa ameziuza. Baadaye, mwana wake mwingine, Enric, alipoitwa jeshini, mama alimwambia hakuzaliwa ili aue wala auawe, akamtafutia njia ya kutorokea Argentina.

Habari hizi tunazipata kutoka kwa Casals mwenyewe, aliyemsimulia mwandishi Mmarekani Albert E. Kahn kitabu cha kumbukumbu kilichotolewa mnamo 1970. Kumbukumbu za mzee wa zaidi ya miaka 90 huwa na mapambo yake, na huenda baadhi ya matukio yalinyooka zaidi katika masimulizi kuliko yalivyokuwa. Lakini wote waliomwandika wanakubaliana kuhusu ushawishi wa mama huyo.

Jina lake lilipaa mnamo 1899. Mwaka huo alitumbuiza London, akampigia Malkia Victoria katika makao yake ya Osborne, na Novemba akapiga Paris chini ya kiongozi wa okestra Charles Lamoureux. Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Alizuru Marekani kwa mara ya kwanza mnamo 1901, na katika ziara hiyo jiwe likamwangukia mkono wa kushoto alipokuwa akikwea mlima Tamalpais karibu na San Francisco. Alikiri baadaye kwamba wazo lililomjia mara moja lilikuwa la kumshukuru Mungu kwa kuwa hangelazimika tena kupiga selo. Kidole kilipona, naye akaendelea kwa zaidi ya miaka 70.

Januari 1904 alimpigia Rais Theodore Roosevelt katika Ikulu ileile ambayo angerejea miaka 57 baadaye.

Mnamo 1906 hivi alianza kushirikiana na Wafaransa wawili, mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud. Kundi hilo la watatu lilidumu hadi miaka ya 1930 na rekodi zake zinauzwa hadi leo. Miaka hiyo pia aliishi na mpigaji selo Mreno, Guilhermina Suggia, hadi 1912. Na mnamo 1914 akamwoa mwimbaji Mmarekani, Susan Metcalfe, ndoa ambayo haikuwa na furaha na iliyovunjika kabisa mwaka wa 1928, ingawa talaka ilitolewa mnamo 1957.

Akiwa tajiri na mashuhuri, angeweza kubaki Paris. Badala yake alirejea Barcelona na mnamo 1920 akaanzisha okestra iliyobeba jina lake, akiwalipa wanamuziki kutoka mfukoni mwake kwa miaka kadhaa kabla haijaweza kujitegemea. Wakuu wa jiji walimwambia hakuna wasikilizaji wa kutosha. Miaka sita baadaye alianzisha Chama cha Tamasha za Wafanyakazi, ambacho wanachama wake, watu wa viwandani na madukani, walilipa ada ndogo na kuisikia okestra hiyohiyo Jumapili asubuhi. Alikumbuka kwamba babake aliwahi kuwafundisha wafanyakazi kuimba jioni baada ya kazi.

Jamhuri ilipotangazwa Uhispania mnamo 1931, Casals aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven kuisherehekea. Kazi hiyo huishia kwa kwaya inayoimba shairi la Schiller kuhusu furaha na udugu wa wanadamu, na ndiyo iliyochaguliwa tena Julai 1936, Barcelona ilipojiandaa kuwa mwenyeji wa Olimpiki ya Wananchi, michezo iliyokusudiwa kuipinga Olimpiki ya Hitler jijini Berlin.

Jioni ya Julai 18, okestra na kwaya walikuwa katika mazoezi ya mwisho. Walikuwa karibu kuianza sehemu ya kwaya wakati mjumbe alipoingia akiwa na barua: majenerali walikuwa wameasi, na mapigano yalitarajiwa jijini wakati wowote. Kila mtu alitakiwa aende nyumbani. Casals aliwasomea wanamuziki barua hiyo na kuwauliza iwapo waondoke au waimalize simfoni kwanza, kwa kuwa huenda wasionane tena. Waliimaliza. Kisha wakatawanyika katika barabara ambazo tayari zilikuwa zikiwekwa vizuizi. Michezo haikufanyika, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Katika miaka mitatu iliyofuata Casals alizunguka nchi mbalimbali akipiga selo ili kuchangisha fedha za chakula, dawa na mavazi. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, jenerali mmoja wa upande wa Franco, Queipo de Llano, alitisha kupitia redio kwamba akimkamata angemkata mikono. Oktoba 1938, katika jumba la Liceu jijini Barcelona, alitumia mapumziko ya tamasha kuzihutubia nchi za kidemokrasia kwa njia ya redio, akizisihi ziisaidie jamhuri. Hazikuisaidia.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya damu ndipo aliporekodi misururu sita ya Bach. Alianza London mnamo Novemba 1936 na kumaliza Paris mnamo 1939, wakati Barcelona ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa Franco. Rekodi hizo si safi kwa viwango vya leo: upinde unasikika ukikwaruza, na mpigaji akiguna. Wapo wataalamu wanaosema uhuru aliojipa na midundo ya Bach unazidi mipaka, na kwa kiasi fulani wana haki. Lakini tangu wakati huo hakuna mpigaji selo aliyekwepa kazi hizo, na wote huzipima dhidi ya za mzee huyo.

Mapema mwaka wa 1939, karibu watu nusu milioni walivuka mpaka na kuingia Ufaransa. Casals alikuwa miongoni mwa waliokosa nyumbani. Alipata makao Prades, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, ambako wenyeji huzungumza Kikatalani na mlima Canigou unaonekana kutoka dirishani. Wenzake walikuwa wamefungiwa katika kambi za pwani, kama vile Argelès, wakilala juu ya mchanga baridi. Casals na mshairi Joan Alavedra waliandika barua mamia kwa mamia kuomba msaada, na wakapeleka malori ya chakula, blanketi na nguo kambini.

Wajerumani walipoivamia Ufaransa mnamo 1940, Casals na familia ya Alavedra walijaribu kutorokea ng'ambo kupitia Bordeaux, lakini meli waliyoitegemea, Champlain, ikalipuka kwa bomu la majini. Wakarejea Prades. Alisimulia kwamba wakati mmoja maafisa watatu wa Ujerumani walibisha mlangoni kwake, wakamwambia kwamba Berlin ingefurahi kumsikia, na kwamba angepewa behewa lake mwenyewe la treni. Casals alijibu kwamba ana maumivu ya viungo. Tangu Hitler achukue mamlaka mnamo 1933 hakuwa amekubali kupiga Ujerumani.

Mwenzake wa zamani, Cortot, alifuata njia nyingine. Alishika wadhifa katika serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, akaenda kupiga piano Ujerumani mnamo 1942, na baada ya vita akapigwa marufuku ya mwaka mmoja. Alipomjia Casals kukiri kosa lake, Casals alimsamehe, na mnamo 1958 wakapiga pamoja Prades wakiwa wazee. Msimamo mkali wa Casals ulihusu serikali. Rafiki aliyetubu hakufungiwa mlango.

Vita vilipoisha mnamo 1945 alikwenda Uingereza na kulakiwa na umati mkubwa. Aliamini kwamba mataifa yaliyowashinda Hitler na Mussolini yangemgeukia Franco, aliyesaidiwa na wote wawili kuingia madarakani. Miezi ikapita. Ikadhihirika kwamba London na Washington zilikuwa tayari kuishi naye. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilitaka kumtunuku shahada za heshima. Akakataa, akavunja ziara na kurejea Prades. Akatangaza kwamba hatapiga selo hadharani tena hadi demokrasia irejeshwe Uhispania.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake iliyowatatiza wengi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 69, umri ambao kila mwaka unaopotea ni hasara kwa mwanamuziki. Franco hakupoteza chochote. Walioadhibiwa ni wasikilizaji wa London, Paris na New York, ambao wengi wao hawakumpenda dikteta huyo hata kidogo, na Casals mwenyewe. Jibu lake lilikuwa kwamba silaha aliyokuwa nayo ni selo tu, na iwapo haikufaa kwa kupigwa, basi ingefaa kwa kuwekwa chini. Kila mwaka aliokaa kimya, magazeti yalilazimika kueleza sababu ya kimya hicho, na kwa hivyo jina la Franco likazidi kutajwa.

Aliyevunja kimya hicho ni mpiga fidla Alexander Schneider. Iwapo Casals hatatoka Prades, aliwaza Schneider, basi ulimwengu uende Prades. Mwaka wa 1950 ulikuwa wa 200 tangu kifo cha Bach, na Casals akashawishika kwamba kumkumbuka mtunzi huyo katika mji wa wakimbizi hakungekiuka kiapo chake. Juni mwaka huo, wanamuziki kama Isaac Stern, Rudolf Serkin na Clara Haskil walifika katika mji huo mdogo, wakapiga ndani ya kanisa la Saint-Pierre. Tamasha hilo likawa la kila mwaka.

Hata hivyo, ukweli usemwe: Ufaransa pia ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Franco. Casals aliifanya Prades kuwa mahali pa pekee kwa sababu ndipo penye wakimbizi, na pengine pia kwa sababu hakuna mwanamuziki awezaye kukaa kimya milele.

Hali ya kisiasa ilizidi kumgeuka. Mnamo 1953 Marekani ilitia saini mkataba wa kuweka kambi za kijeshi Uhispania. Desemba 1955 Uhispania ikakubaliwa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Mwezi huohuo Casals alisafiri hadi Puerto Rico, kisiwa alikozaliwa mamake, na mwaka uliofuata akahamia huko. Alianzisha tamasha la kila mwaka mnamo 1957, na akachangia kuundwa kwa okestra na chuo cha muziki cha kisiwa hicho. Agosti 1957, miezi michache baada ya kuugua ghafla maradhi ya moyo mazoezini, alimwoa mwanafunzi wake, Marta Montañez. Bwana harusi alikuwa na miaka 80 na bibi harusi miaka 20. Watu walisema mengi. Marta alimtunza hadi mwisho.

Puerto Rico ni himaya ya Marekani, jambo ambalo wakosoaji wake hawakukosa kuligundua. Casals alitofautisha kati ya kisiwa cha mamake na serikali ya Washington. Vivyo hivyo, alipopiga katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini New York mnamo Oktoba 24, 1958, alisema makao hayo si ardhi ya Marekani. Hata hivyo, mjumbe wa Franco sasa alikuwa na kiti katika ukumbi uo huo.

Ni katika hali hii ambapo mwaliko wa Kennedy ulifika. Chakula hicho cha jioni kiliandaliwa kwa heshima ya gavana wa Puerto Rico, Luis Muñoz Marín, rafiki ya Casals. Mzee huyo alimheshimu rais huyo kijana na alitumaini kwamba angesikiliza kuhusu Uhispania. Alikubali kwenda, na akahakikisha kwamba kila mtu anaelewa kuwa msimamo wake kuhusu Franco haukuwa umebadilika. Akisindikizwa na Schneider na mpiga piano Mieczysław Horszowski, alipiga Mendelssohn, Schumann na Couperin, kisha akamalizia kwa wimbo wa asili wa Catalonia kuhusu ndege wanaoimba usiku wa Krismasi, ambao wakimbizi walikuwa wameugeuza kuwa wimbo wao. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Alice Roosevelt Longworth, bintiye Rais Roosevelt, aliyekuwa Ikulu pia mnamo 1904.

Sera ya Marekani kuelekea Franco haikubadilika. Kambi za kijeshi zilibaki, na ikiwa Casals alitarajia zaidi, hakupata. Alichopata ni kwamba rekodi ya usiku huo iliuzwa kote duniani, na kila aliyeinunua alisoma habari za wimbo wa wakimbizi. Mnamo 1963 jina lake lilikuwa katika orodha ya waliotunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais, lakini Kennedy aliuawa kabla ya kuitoa, ikakabidhiwa na Rais Lyndon Johnson.

Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi kuongoza okestra na kufundisha. Utungo wake mkubwa wa kwaya na okestra, El Pessebre, unaohusu kuzaliwa kwa Yesu na uliojengwa juu ya ushairi wa Alavedra, alikuwa ameuanza Prades wakati wa vita, na ulichezwa kwa mara ya kwanza Acapulco, Mexico, mnamo Desemba 1960. Mexico haikuwahi kuitambua serikali ya Franco, hivyo uchaguzi wa mahali haukuwa wa kubahatisha. Baadaye aliuzungusha katika nchi nyingi kama ujumbe wa amani. Kimuziki ni kazi ya kawaida, ya mtindo uliokuwa umepitwa na wakati hata ilipokuwa ikitungwa, na heshima inayopewa hutokana zaidi na mtunzi wake. Kila asubuhi, popote alipokuwa, aliketi kwenye piano na kumpiga Bach kabla ya kufanya jambo lolote.

Oktoba 24, 1971, akiwa na umri wa miaka 94, alirejea Umoja wa Mataifa kuongoza wimbo alioutungia shirika hilo kwa maneno ya mshairi W. H. Auden. Katibu Mkuu U Thant alimkabidhi Nishani ya Amani. Casals alisimama akitetemeka na kuwaambia wajumbe, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito, kwamba yeye ni Mkatalani, na kwamba taifa lake lilikuwa na bunge miaka mingi kabla ya Uingereza. Wanahistoria wanaweza kubishana naye kuhusu hilo. Kisha akachukua selo na kupiga ule wimbo wa ndege.

Alifariki San Juan, Puerto Rico, Oktoba 22, 1973, akiwa na umri wa miaka 96. Hakuwa amepiga tena Uhispania. Franco alimzidi kwa miaka miwili na mwezi mmoja, akafariki Novemba 20, 1975 akiwa bado madarakani. Uhispania ilifanya uchaguzi huru mnamo 1977, na serikali ya Catalonia ikarejeshwa mwaka huohuo.

Mabaki ya Casals yalisafirishwa kutoka Puerto Rico na kuzikwa upya El Vendrell mnamo Novemba 1979. Nyumba yake iliyo kando ya bahari huko Sant Salvador, kilomita chache kutoka mji huo, sasa ni jumba la makumbusho, na miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa humo ni kile kibuyu chenye uzi mmoja alichotengenezewa na babake.